Miguu haifiki chini? Usikate tamaa, na usikate springi



Mwezi huu tunazungumza juu ya pikipiki. Tunajua wengine mtacheka na kusema: sisi hata baiskeli hatuna, pikipiki ya nini tena? Ni kweli. Lakini tuangalie maisha yetu hapa Rusizi. Mgonjwa akizidiwa usiku, anapelekwa Gihundwe kwa pikipiki. Gunia la mchele kutoka Bugarama linapanda mlima juu ya pikipiki. Vijana wetu wakiulizwa wangependa kazi gani, wengi wanajibu: kubeba watu kwa moto. Na mashirika yakitafuta mtu wa kuzunguka vijijini, swali la kwanza ni hili: una ruhusa ya kuendesha?

Sasa kuna jambo ambalo watu wafupi wanalijua na hawalisemi, kwa sababu ya haya. Wanapanda pikipiki, miguu inabaki hewani. Pikipiki ikitembea wako sawa kabisa. Ikisimama ndipo shida inaanza. Tumeona wasichana wakiacha kujifunza kwa sababu hiyo tu, na wavulana wakijifanya hawapendi pikipiki, kumbe wanaogopa kuanguka mbele ya wenzao.

MWENZETU NA NG'OMBE WA NJIANI

Tuwaeleze habari ya dada mmoja wa hapa kambini. Ameomba jina lake lisiandikwe, basi tutamwita mwenzetu. Ni mama wa watoto watatu, na anatunza pia wadogo zake wawili. Urefu wake ni mita 1 na sentimita 53. Alijifunza kuendesha kwa pikipiki ndogo ya shemeji yake, akafanya mtihani, akapata ruhusa ya daraja A kwa haki yake.

Shirika moja lilimpa kazi ya kutembelea familia zinazokaa mbali, na likamkabidhi pikipiki. Lakini haikuwa ndogo kama ile ya shemeji. Ilikuwa ya milimani, ndefu, ya aina ambayo mashirika huipenda kwa sababu haiogopi mawe wala matope. Siku ya nne, akiteremka kuelekea Bugarama, alikuta ng'ombe wanavuka njia. Akasimama vizuri, akashusha mguu wa kushoto. Chini ya mguu hapakuwa na barabara, palikuwa na mtaro. Pikipiki ikamlalia kifundoni.

Mfupa haukuvunjika, tunamshukuru Mungu. Lakini alikaa nyumbani majuma mawili na mguu umefungwa. Aliporudi kazini aliambiwa kwamba pikipiki huenda ikapewa mtu mwingine, mwenye miguu ya kufika chini. Bila pikipiki, kazi hiyo haipo. Na bila kazi hiyo, vinywa sita vinabaki na chakula cha msaada peke yake.

Alikuja kwetu na hasira na kicheko pamoja. Akasema, "Miguu niko nayo! Ni mifupi tu. Sasa mtu mfupi hawezi kula?"

Tukamwomba mkuu wake ampe siku chache. Akakubali, kwa sharti moja: pikipiki ni mali ya shirika, isiharibiwe, na chochote kitakachobadilishwa kiweze kurudishwa kama kilivyokuwa. Tukaenda naye mjini Kamembe kwa fundi mmoja mzee, ambaye yeye mwenyewe si mrefu. Haya tunayowaandikia mengi tuliyapata kwake siku hiyo, na mengine tumeyahakikisha kwa mafundi wengine.

KWANZA TUPIME

Sisi tulidhani fundi atachukua spana mara moja. Hapana. Alichukua utepe wa kupimia, ule wa washonaji.

Alimwambia mwenzetu avue viatu na asimame akiegemea ukuta. Akampa kitabu kigumu akiweke katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukiwa juu, akivute juu kama vile amekaa kwenye kiti. Halafu akapima kutoka mgongo wa kitabu mpaka chini. Ilikuwa sentimita 71. Hicho ndicho kipimo cha mguu kinachohusika na pikipiki. Urefu wa mtu peke yake hautoshi, maana wawili wenye urefu mmoja wanaweza kuwa na miguu tofauti.

Kisha akapima kiti, pikipiki ikiwa imesimama wima, kutoka mahali mtu anapokalia mpaka chini. Ilikuwa sentimita 85. Alitueleza kwamba pikipiki ndogo za barabarani, kama TVS na Boxer zinazobeba abiria hapa kwetu, viti vyake kwa kawaida viko karibu sentimita 75 hadi 80. Zile za milimani huanzia karibu 82 na kufika hata 90. Sababu ni kwamba tumbo la injini linatakiwa kupita juu ya mawe, na shokapu zinatakiwa kuwa na nafasi ya kuzama kwenye mashimo. Kwa hiyo urefu ule haukuwekwa kwa kiburi. Una kazi yake.

Mama mmoja aliyekuwa nasi akauliza, "Papa fundi, 85 toa 71, si ni 14? Utakata wapi sentimita 14 zote hizo?"

Fundi akacheka. "Mama, nani amesema tutakata zote? Hatutaki akanyage chini kama mtu aliyesimama sokoni."

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Si lazima miguu yote miwili ikanyage kabisa. Inatosha mguu mmoja ukanyage imara, au sehemu ya mbele ya miguu yote miwili ishike ardhi. Ukivaa kiatu chenye soli umepata sentimita mbili tatu. Ukikaa, pikipiki inazama kidogo kwa uzito wako. Ukinyoosha kifundo unapata nyingine. Kwa hiyo pengo la kweli huwa dogo kuliko hesabu ya karatasi. Kwa mwenzetu, sentimita nne au tano zilitosha.

ANZA NA MWILI

Fundi alisema hivi, na tunataka mkumbuke: anza na mwili, halafu kiti, chuma mwisho. Kwa sababu mwili hauhitaji pesa, kiti kinahitaji pesa kidogo, na chuma ukikosea kinaweza kukuua.

Akamwambia, "Mwanangu, panda nikuone." Mwenzetu akapanda na kukaa katikati ya kiti, miguu yote ikatafuta chini kwa vidole. Fundi akatikisa kichwa. "Weye unataka kusimama kwa miguu miwili. Nani alikufundisha hivyo?"

Akamwonyesha njia ya watu wafupi. Unapokaribia kusimama, sogeza kiuno upande wa kushoto, nusu ya paja itoke kwenye kiti. Mguu wa kushoto utashuka wenyewe na kukanyaga wote. Mguu wa kulia unabaki juu ya kikanyagio, kwenye breki ya nyuma. Usivute breki ya mbele kwa nguvu wakati usukani umepinda, maana hapo ndipo pikipiki nyingi huanguka zikiwa karibu zimesimama.

Jambo la pili ni macho. Mtu mrefu anasimama popote. Mtu mfupi anachagua mahali. Kabla ya kusimama, tazama ardhi upande wa kushoto: kuna mtaro? kuna jiwe linaloteleza? barabara imeinamia wapi? Hapa Rwanda tunapita upande wa kulia, na barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji ya mvua yaende mitaroni. Kwa hiyo upande wa kushoto wako, wa katikati ya barabara, mara nyingi ndio ulio juu. Hilo linakusaidia. Lakini ukisimama upande usio wako, kama mwenzetu alipokwepa ng'ombe, mtaro ndio unakuja chini ya mguu wa kushoto.

Kupanda na kushuka nako kuna utaratibu. Panda kutoka kushoto, stendi ya pembeni ikiwa bado chini, na uinue stendi baada ya kukaa imara. Abiria apande baada yako na ashuke kabla yako, na akuambie kabla hajasogea. Abiria akijitupa ghafla, mguu wako mmoja hauwezi kubeba uzito wote huo. Kwenye mteremko wa udongo, usione haya kushuka na kusukuma: zima injini, weka gia ya kwanza, tembea pembeni huku klachi ikiwa mkononi. Ukiiachia klachi, pikipiki inajishika yenyewe.

Na ikianguka? Usiivute kwa mikono kama ndoo ya maji. Zima injini, funga petroli. Ikiwa imelala upande wa kulia, toa kwanza stendi ya pembeni. Igeuzie mgongo, chuchumaa, matako yaguse kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike chuma cha nyuma. Kisha sukuma kwa miguu, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma. Mwenzetu ana kilo 50, na siku ile aliiinua pikipiki peke yake mara mbili mbele ya vijana wa gereji waliokuwa wamekuja kucheka. Hawakucheka tena.

HALAFU KITI

Baada ya mazoezi hayo, hofu ilipungua nusu. Lakini bado mguu ulikuwa unatafuta. Ndipo tukafika kwenye kiti.

Fundi hakugusa kiti cha shirika. Alitafuta kiti kilichotumika cha pikipiki ya aina ileile, na kile cha asili kikafungwa na kuwekwa stoo. Hilo lilitimiza sharti la mkuu. Sponji ukishaikata, hairudi.

Alifungua ngozi ya kiti taratibu ili isipasuke, akachora kwa kalamu mahali pa kukalia, akakata sponji kwa kisu kirefu chenye makali, safu nyembamba nyembamba. Alipunguza sentimita tatu. Alituonya kwamba lazima ibaki angalau unene wa vidole vitatu vilivyowekwa pamoja, na iwe sponji ngumu. Ukikata mpaka karibu na bati la kiti, utashuka, ndiyo, lakini baada ya safari ya Kamembe mpaka Bugarama mgongo utakushtaki usiku kucha.

Halafu alifanya jambo lililotushangaza. Alipunguza upana wa kiti pande zote mbili kwa mbele, karibu na tenki, na kulainisha kingo. Alisema wengi wanasahau upana. Kiti kipana kinatanua mapaja, na miguu iliyotanuka inakuwa mifupi zaidi. Jaribu mwenyewe: simama, panua miguu, uone kichwa kinavyoshuka. Mtu anaweza kupata sentimita moja au mbili kwa upana tu, bila kushusha chochote.

Kabla ya kurudisha ngozi, sponji inafunikwa na kitu kisichopitisha maji, la sivyo mvua ya Aprili itaigeuza kitambaa cha kufutia sakafu. Mifuko ya plastiki, kama mnavyojua, imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008. Fundi alitumia kipande cha shitingi iliyochakaa. Tunawaomba vijana wetu: iliyochakaa, si ile inayofunika nyumba ya mama!

CHUMA MWISHO

Kazi hii ya tatu si ya kufanyia nyumbani. Tunaieleza ili ukienda kwa fundi ujue anachofanya, na ujue kukataa. Kuuliza si ujinga.

Nyuma ya pikipiki kuna shokapu, ambayo wengine wetu tunaiita amotisa. Ndogo nyingi zinazo mbili, moja kila upande, na chini ya springi kuna pete yenye ngazi tatu hadi tano. Pete ikiwa ngazi ya juu, springi inabanwa na pikipiki inakaa juu. Ikiwa ngazi ya chini, springi inalegea na pikipiki inazama kidogo zaidi mtu akikaa. Nyingine, kama Yamaha DT 125, zina shokapu moja katikati chini ya kiti, na hiyo hulegezwa kwa nati kubwa ya mviringo.

Ya mwenzetu ilikuwa ya shokapu moja, na ilikuwa imebanwa sana, labda kwa ajili ya mtu mzito mwenye abiria na mizigo. Hapa fundi alitufundisha jambo la maana: mtu mfupi mara nyingi ni mwepesi pia, kwa hiyo pikipiki haizami chini yake. Anaumizwa mara mbili, kwa ufupi na kwa wepesi. Kulegeza springi ifae uzito wake ni kumtengenezea tu pikipiki yake, bila kuharibu kitu. Kipimo cha kawaida ni kwamba mwendeshaji akikaa, nyuma izame karibu robo hadi theluthi ya nafasi yote ya shokapu. Kwa mwenzetu ilishuka sentimita moja na nusu. Lakini kumbukeni: siku ya kubeba abiria au gunia, inabidi kubana tena, la sivyo shokapu itagonga mwisho kwenye kila shimo.

Mbele nako kunaweza kushushwa. Fundi hulegeza mabano yanayoshika shokapu za mbele na kuzisogeza juu kidogo, sentimita moja hivi, pande zote mbili sawasawa kabisa. Mbele na nyuma vinatakiwa kwenda pamoja. Ukishusha mbele peke yake, usukani unakuwa mwepesi mno na unaweza kutikisika kwenye mwendo. Ukishusha nyuma peke yake, usukani unakuwa mzito kwenye kona, na taa inaangalia juu na kuwapofusha wanaokuja usiku. Pia lazima kuhakikisha kwamba shokapu ikizama yote, tairi haligusi madigadi. Kwa mwenzetu hawakugusa mbele, kwa sababu nyuma ilishuka kidogo tu. Fundi alirekebisha taa, akaishia hapo.

Kuna mambo mawili madogo yanayosahauliwa. La kwanza ni cheni. Nyuma ikishuka, mvutano wa cheni unabadilika, kwa hiyo upimwe tena mtu akiwa amekaa juu. La pili ni stendi ya pembeni. Pikipiki ikishushwa sana kwa chuma, stendi inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima, na upepo mdogo unaiangusha upande wa pili. Usiikate kwa kubahatisha. Weka mbao chini ya magurudumu yote mawili mpaka pikipiki iiname vizuri. Unene wa mbao hizo ndio karibu kipimo cha kupunguza. Kama umekata sponji tu, stendi usiiguse.

YA KUKATAA

Kuna njia za mkato ambazo vijana wanaonyeshana. Tunasema wazi: mkataeni fundi anayetaka kufanya haya.

Kukata springi, au kuichoma kwa moto ili ijikunje. Springi iliyochomwa inapoteza nguvu na inaweza kuvunjika katikati ya safari.

Kutoboa tundu jipya kwenye fremu au kuchomelea kishikio kingine cha shokapu. Fremu ndiyo mifupa ya pikipiki.

Kuweka tairi dogo lisilo la kipimo chake. Linashusha, ni kweli, lakini linashusha pia tumbo la injini kwenye mawe, na saa ya mwendo inasema uongo.

Kuvaa viatu virefu visivyofungwa. Kiatu kikinasa kwenye gia au breki, huna mguu tena. Soli nene na ngumu kwenye kiatu kinachofungwa vizuri ni sawa.

Na kwa pikipiki za umeme, ambazo zinaongezeka nchini, hasa baada ya Kigali kuacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria tangu Januari 2025: fremu yake imebeba betri na nyaya. Msiguse chuma. Mwulizeni mwenye kuiuza au kuikodisha kabla hata ya kufungua kiti.

Pikipiki ikiwa si yako, omba ruhusa kabla, kama mwenzetu alivyofanya. Ikiwa na bima, uliza. Na kasike ni lazima kwa mwendeshaji na kwa abiria, mfupi kwa mrefu.

WAFUPI WALIOTANGULIA

Kama bado kuna anayedhani pikipiki ni ya warefu, tumkumbushe Dani Pedrosa wa Hispania. Urefu wake ni kama mita 1 na sentimita 58, sentimita tano tu zaidi ya mwenzetu. Alikuwa bingwa wa dunia wa mashindano ya pikipiki mwaka 2003, tena 2004, tena 2005. Halafu akapanda daraja la pikipiki kubwa kabisa, za nguvu kuliko zote, akashinda mbio 31 kabla ya kustaafu mwaka 2018. Hakuna aliyemwambia ampe pikipiki mtu mwenye miguu.

Watoto mkisoma hapa, mwonyesheni dada yenu.

ILIVYOKWISHA

Siku ya saba tulirudi mbele ya mkuu wa shirika. Mwenzetu alipanda, akazunguka uwanja, akasimama mahali palipoinuka na mahali palipoinama, akageuza kwenye njia nyembamba. Mkuu akauliza, "Na mlimani?" Mwenzetu akajibu, "Mlimani nitachagua mahali pa kusimama. Zamani mahali palinichagua mimi."

Akarudishiwa kazi. Kiti kipya kiko chini kwa sentimita tatu na chembamba mbele, springi imelegezwa, kiti cha zamani kiko stoo. Mguu wa kushoto unakanyaga wote akisogeza kiuno, na akikaa katikati anagusa kwa sehemu ya mbele ya miguu yote miwili. Si kwamba hakuna shida. Kiti ni kigumu kuliko zamani, na akifika Nyakabuye anatembea kidogo kwanza kabla ya kusalimia watu. Mwenzake mrefu anayeitumia siku za Jumamosi anabadilisha kiti na kunung'unika. Kifundo bado kinamuuma siku za baridi.

Lakini juzi tulimwona akishuka kuelekea bondeni, ambako joto la Bugarama hukupokea kabla hujafika. Mbele kulikuwa na ng'ombe tena. Alipunguza mwendo, akatazama chini kushoto, akapita mtaro hatua mbili, akasimama. Ng'ombe wakavuka. Akaondoka.

TUKUMBUKE

1. Pima mguu wako kwa kitabu, pima kiti, usikisie.
2. Miguu yote miwili si lazima ikanyage kabisa. Mmoja imara unatosha.
3. Jifunze kusogeza kiuno na kuchagua mahali pa kusimama, uwanjani kabla ya barabarani.
4. Kata sponji ya kiti kingine, tunza cha asili. Punguza upana pia.
5. Springi ifae uzito wako. Ukibeba mtu, bana tena.
6. Mbele na nyuma vishuke pamoja. Angalia taa, cheni na stendi.
7. Usikate springi, usitoboe fremu.

Wazazi, msichana wenu akisema anataka kujifunza, msimtazame urefu. Mtazameni kama ana subira na kama anasikiliza. Hayo mawili hayakatwi kwa kisu wala hayaongezwi kwa soli.

Kama una swali, andika kwenye karatasi na ulitie katika sanduku letu karibu na zahanati, au mwambie kiongozi wa mtaa wako. Toleo lijalo tutajibu swali lililoletwa na mama mmoja: mtoto wa umri gani anaweza kubebwa kwa pikipiki, na abebwe vipi.

Tuonane mwezi ujao. Mkae kwa amani, na mkisimama, msimame mahali pa kukanyaga.